Mvuvi wa Kuba Katika Darasa la Mkokotoni

Ualimu ni kazi moja katika zile kazi chache ambazo mtu huweza kuzikosea miaka mingi na asijue. Seremala akikata ubao mfupi, ubao wenyewe humshitaki. Nahodha akikosea njia, mwamba humsahihisha. Lakini mwalimu akikosea, aghalabu mwenye kuadhibiwa ni mwanafunzi, na mwalimu hurudi nyumbani akala chakula chake kwa utulivu. Nimeona vyema kuandika kosa langu moja la namna hiyo. Halizidi makosa ya wenzangu kwa ukubwa, ila aliyenisahihisha alikuwa mwanafunzi wangu, na alinisahihisha kwa kitabu nilichodhani kwamba mimi ndiye ninayekijua.

Mwaka 2009 nilihamishwa kutoka Mjini kwenda kufundisha Kiingereza katika skuli moja ya sekondari karibu na Mkokotoni, kiasi cha kilomita 40 kwa njia ya Mahonda. Mkokotoni ni mji mdogo wenye ofisi za Mkoa wa Kaskazini, mikoko, na diko ambapo samaki hunadiwa mchangani. Mbele yake kimelala kisiwa cha Tumbatu, ambacho mwanajiografia Yaqut alikitaja katika karne ya 13, na mkondo ulio katikati huvukwa kila siku kwa mashua na ngalawa. Watumbatu wana sifa ya ubaharia tangu zamani, na watoto wao hujua kushika usukani kabla hawajajua kushika kalamu.

Mimi ni mtoto wa Mjini. Samaki nilimjua akiwa juu ya meza ya Darajani au akiwa sahanini. Sikujua kusi inaanza lini wala bamvua ni nini, na jambo hili sikulihesabu kuwa upungufu. Niliwaona baadhi ya wavulana wakisinzia asubuhi, nguo zao zikinuka shombo, nikaandika katika daftari langu kuwa ni wavivu. Kwamba walikuwa wamekesha baharini na karabai wakivua dagaa katika usiku wa giza, hilo nililijua baadaye, wala halikuwa siri, sikuuliza tu.

Katika vitabu nilivyokuwa navyo, kimoja nilikipenda kuliko vyote. Ni kisa cha Ernest Hemingway, mwandishi wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1899, ambacho kwa Kiswahili huitwa Mzee na Bahari. Kilitoka Septemba 1952. Jarida la Life lilikichapa chote katika toleo moja, na nakala zaidi ya milioni 5 zikauzwa kwa siku mbili. Mwaka 1953 kilipata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1954 mwandishi wake akapata tuzo ya Nobel. Mtu huyu hakuwa mgeni wa nchi zetu: alikuja kuwinda Tanganyika mnamo 1933 na 1934, akarudi Afrika ya Mashariki mwaka 1953, na Januari 1954 alinusurika ajali mbili za ndege huko Uganda. Kitabu chenyewe ni kifupi na maneno yake ni mepesi, kwa hiyo nilikiona kinafaa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Hakikuwa katika orodha yangu ya vitabu vya mtihani. Nilikisoma nao kipindi kimoja kwa wiki, kwa nakala nne zilizopita mikono mingi. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwako duniani, lakini haikuwako mikononi mwetu.

Kwa asiyekisoma nitakieleza kwa ufupi. Mzee Santiago, mvuvi wa Kuba, amekaa siku 84 bila ya kupata samaki. Siku 40 za mwanzo alikuwa na kijana aitwaye Manolin, lakini wazee wa kijana huyo wakaona mzee ana nuhusi, wakamtoa wakamtia katika chombo kingine. Siku ya 85 mzee anakwenda mbali peke yake, samaki mkubwa ananasa katika mshipi wake, na kwa siku mbili na usiku wake anakivuta chombo. Siku ya tatu mzee anamwua kwa chusa na kumfunga ubavuni mwa chombo, kwa kuwa haingii ndani. Njiani papa wanamla samaki yule, na mzee anafika pwani na mifupa.

Nilijitayarisha kuwafundisha kitabu hiki kama mtu anayekwenda kuwagawia maskini. Siku ya kwanza nilikutana na neno la Kiingereza la kupimia kina cha maji. Nikaliandika ubaoni, nikaeleza kwamba ni kipimo cha futi 6 kitumiwacho na mabaharia wa Ulaya. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, si pima hiyo?" Akaitandaza mikono yake miwili, kutoka ncha ya kidole hata ncha ya kidole. Darasa zima likaelewa kwa mara moja, nikabaki mimi. Katika kitabu, samaki alikula chambo kwenye kina cha pima 100, na urefu wake ulikuwa futi 18. "Pima tatu," wakasema, wakatazamana kwa mshangao. Kwa kuwa futi 18 ilikuwa hesabu tu, lakini pima tatu ni kitu mtu anachoweza kukiogopa.

Tangu siku hiyo darasa lilipinduka. Samaki yule niliyekuwa nikimwita kwa jina la Kiingereza walimwita nduaro, wakanieleza hasira zake anapochomwa na ndoana. Niliposoma kwamba tanga la mzee lilitiwa viraka vya magunia ya unga, hawakuliona kuwa jambo la kusikitisha. Mmoja alitaka kujua viraka vilishonwa kwa uzi gani. Niliposoma juu ya nuhusi ya mzee, walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alimjua mtu wa mtaani kwao aliyekwepwa kwa jambo hilo. Nilipofika pale ambapo mkono wa kushoto wa mzee unakakamaa akiushikilia mshipi, wavulana watatu waliitazama mikono yao.

Liko jambo moja ambalo nilikuwa na hakika kwamba litawashinda. Mzee huota simba. Ujanani alikuwa baharia katika meli iliyokuwa ikifika Afrika, akawaona simba wakitembea pwani jioni, na hata uzeeni huwaona katika ndoto zake wakicheza mchangani. Nilieleza kwamba hii ni alama ya ujana na nguvu, na kwamba simba kutembea pwani ni jambo la ndoto. Kijana mmoja akasema, "Si ndoto, Mwalimu. Wako Saadani." Na kweli. Ng'ambo ya maji, upande wa magharibi wa Mkokotoni, ipo Saadani, mbuga ya taifa tangu mwaka 2005, ambapo pori lenye simba hushuka hata likakutana na mchanga wa bahari. Ami yake alikuwa akisafiri Bara kwa jahazi. Unguja hapana simba, lakini wale wanafunzi walikuwa na simba wa pwani karibu zaidi kuliko mzee wa Kuba, na karibu zaidi kuliko mwalimu wao.

Msomaji atadhani kwamba baada ya haya yote nilikuwa nimekwisha kujifunza. Sivyo. Mtu huweza kuchekeshwa na ujinga wake mara kumi bila ya kuuacha. Niliyachukua maarifa yale kama mapambo ya somo. Somo lenyewe, nilidhani, lilikuwa bado mikononi mwangu.

Tulipokimaliza kitabu niliwapa swali moja la kuandika kwa Kiingereza: Kwa nini mzee alimpoteza samaki wake? Jibu nililolitaka nilikuwa nalo tayari. Mzee mwenyewe anajilaumu kwamba alikwenda mbali mno. Basi nilitaka waandike juu ya mtu anayevuka mpaka wake, na juu ya kushindwa kwa mwili bila ya kushindwa kwa moyo. Wengi waliandika hivyo, kwa kuwa niliwadokeza hivyo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, waliandika, na methali hiyo ikanifurahisha nikawapa alama nzuri.

Yule kijana wa simba wa Saadani aliandika mistari mitatu tu. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika kama chombo kilichopanda mwamba. Alichosema, kwa kadiri nilivyokifahamu, ni hiki: mzee alikuwa peke yake, samaki alifungwa nje, kijana hakuwako. Nikampa alama 3 katika 20, nikaandika chini yake kwa wino mwekundu kwamba arudie kukisoma kitabu. Wiki ya pili hakuja skuli. Wiki ya tatu pia. Katika daftari langu la mahudhurio, karibu na jina lake, palikuwapo tayari lile neno nililowaandikia wasinziaji.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilikwenda dikoni kununua samaki. Mnada ulikuwa umekwisha. Nilimkuta ameinama juu ya chombo, akifunua nyavu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hatukuoni?"

Alinijibu kwamba baba yake alianguka mwezi uliopita akaumia nyonga, kisha akainuka kabla ya kupona akataka kurudi baharini; na ndugu yake mkubwa yuko Dar es Salaam. "Sasa anataka kwenda peke yake, Mwalimu. Nimwache?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama nikivitazama viatu vyangu vilivyoingia mchanga. Yeye, kwa kuniondolea haya nafikiri, akageuza maneno. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, lile jibu langu lilikuwa na kosa gani?"

Nikamwambia lilikuwa fupi, na kwamba hakueleza. Akaziacha nyavu akaeleza. Nitayaandika maneno yake kwa kadiri ninavyoyakumbuka, ingawa yeye aliyasema kwa lahaja ya kwao na kwa mikono yake yote miwili.

"Samaki wa pima tatu hapakiwi katika kile chombo, hata mkiwa wawili. Kitabu kimesema, na ni kweli. Lakini mkiwa wawili, mmoja hulala na mmoja hukesha. Yule mzee alipigana na papa baada ya siku tatu bila usingizi wa maana. Papa wa kwanza alizama na chusa na kamba yake, kwa sababu aliyechoma ndiye huyo huyo aliyekuwa ashike kamba. Akafunga kisu kwenye kafi, kisu kikavunjika. Hapana wa kumpa kingine. Mwalimu, yule mzee hakumpoteza samaki siku aliyokutana na papa. Alimpoteza siku ile wazee wa Manolin walipomtoa chomboni. Na mwenyewe anajua, ndiyo maana huko baharini anamtaja kijana kila mara. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nilimwuliza mbona hakuyaandika haya. Akacheka kidogo, bila ya ubaya wowote, akasema, "Uliyataka kwa Kiingereza, Mwalimu."

Usiku ule nilikifungua kitabu nikakisoma tena, nikihesabu. Ni kweli: mzee anamtamani yule kijana tena na tena, wakati wa kuvuta, wakati wa kuumia, wakati wa kukesha. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara sita au saba, nikiyapita maneno hayo kama mtu anayepita mlangoni pa jirani bila ya kubisha hodi. Kosa la mzee kwenda mbali mno ni kweli limo, lakini mtu huenda mbali mno kwa urahisi zaidi asipokuwa na wa kumwambia, "Turudi." Mistari mitatu ya kijana yule ilikuwa imegusa kiini cha kisa kuliko karatasi zote nilizozisifu. Na sasa alikuwa amelijibu swali langu mara ya pili bila ya kalamu. Mwisho wa kitabu Manolin anaazimia kurudi katika chombo cha mzee, wapende wazee wake wasipende. Mwanafunzi wangu alikuwa ameukataa mwanzo wa kisa kile na kuushika mwisho wake. Ningemwambiaje kwamba ni mtoro?

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa katika kurasa za mwisho kabisa. Baada ya mzee kufika na kulala, wanakuja watalii mkahawani. Mwanamke mmoja anauona uti wa mgongo mrefu unaelea majini, anamwuliza mtumishi wa mkahawa ni kitu gani. Mtumishi anataka kumweleza yaliyotukia, kwamba papa ndio waliomla samaki huyu. Lakini lugha ya mwanamke haimtoki vizuri, naye mwanamke anasikia neno papa, anadhani mifupa ile ni ya papa, anaisifu kwa uzuri wa mkia wake, na maneno yanakwisha hapo. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kumcheka mwanamke huyu. Sasa nilijiona nimekaa katika kiti chake. Mwanafunzi wangu aliniletea samaki kutoka mbali sana, na katika njia ya lugha ngeni nyama yote ikaliwa, ikafika mifupa mitatu. Nami niliitazama mifupa ile nikasema ni ya kitu kingine.

Nilimsimulia mwenzangu mmoja wa skuli, mtu mwenye elimu kunizidi. Alisema tatizo ni kitabu chenyewe. Kwa nini kuwasomesha watoto wa Kaskazini habari za Kuba zilizoandikwa na Mmarekani mwenye bunduki, ilhali tunao Shaaban Robert, Mohamed Suleiman Mohamed, na Adam Shafi aliyeandika habari za makuli wa bandari yetu wenyewe? Hoja hii ni nzito na sitaki kuipuuza. Vitabu hivyo na visomwe, na visomwe kwanza. Lakini sikukubali kwamba kitabu cha mgeni ndicho kilichomfunga kijana yule mdomo. Kitabu kilimfungua, swali langu ndilo lililomfunga. Mzee wa Kuba alikuwa jamaa yake tangu ukurasa wa kwanza, na mgeni katika darasa lile alikuwa mimi. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopata tuzo ile ile ya Nobel kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza, nilimkumbuka mwenzangu nikajiuliza atakiweka upande gani kitabu cha mtoto wa nyumbani kilichorudi kwetu kwa lugha ya ugenini.

Wala sisemi kwamba Kiingereza kiachwe. Masomo ya sekondari na mitihani yake yako kwa lugha hiyo, na mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi kwa kumnyima Kiingereza humfungia mlango kwa jina la mapenzi. Nisemalo ni kwamba lugha ni chombo cha kupakilia mzigo, na mzigo hutangulia chombo. Tangu mwaka ule, kila nilipofika katika swali lile, tulilijadili kwanza kwa Kiswahili, kila mtu kwa lahaja ya kwao, mpaka samaki mzima awe ameonekana na kila mmoja. Ndipo tuliposhika kazi ya kumpeleka pwani ya Kiingereza, sentensi moja baada ya moja, na wote tulikuwa chomboni. Safari ilikuwa ndefu zaidi, na mara nyingine mtaala uliniacha nyuma. Lakini insha hazikuja tena na mifupa mitupu, na Kiingereza chao, kwa kuwa sasa kilikuwa na kitu cha kusema, kilinenepa.

Ama kijana mwenyewe, hakurudi darasani. Nilikwenda kwao mara mbili. Baba yake alinipokea kwa heshima, na mara zote mbili nilimkuta kijana yuko baharini. Katika daftari langu nilifuta ile 3 nikaandika 18, nikafuta na lile neno la karibu na jina lake. Alama hiyo haikumfaa kitu, wala haikumfikia mtihanini. Lakini sikutaka daftari langu liendelee kusema uongo. Nilipohamishwa tena Mjini, mwaka 2018, alikuwa nahodha wa chombo chenye watu sita. Nilipopita dikoni kuaga alinichagulia changu wawili wakubwa, akakataa fedha. Akaniuliza kama bado nasomesha habari za yule mzee. Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Na wanajua kosa lake?" Nikamwambia kwamba siku hizi nawaacha wanieleze wao.

Mwalimu mwenzangu utakayeyasoma maneno haya, nina ombi moja. Litazame daftari lako, ulitafute jina la yule aliyeandika mistari mitatu, umwite, umwulize kwa lugha aliyonyonya alitaka kusema nini. Mwulize angali darasani, kabla hujalazimika kumtafuta dikoni.